Gia ya Ndani, Gia ya Nje

Asubuhi za kipupwe mawese yanaganda. Unageuza chupa kichwa chini na hakitoki kitu, mpaka uisogeze karibu na jiko ilegee. Juzi nilikuwa nafanya hivyo, maharage yangu yako motoni, ile harufu ikapanda, harufu ya mawese yanayoyeyuka pembeni ya makaa, nikajikuta nimekaa kwenye kigoda kama mtu aliyesukumwa. Mjukuu wangu akauliza, "Bibi, ni kichwa?" Nikamwambia siyo kichwa. Maharage yakaungua. Mimi siunguzi maharage, waulizeni wanaonijua.

Nawaandikia nyie wa rika langu, mliokua wakati baiskeli ndiyo ilikuwa gari la nyumba. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtakapoona nimepinda mnyooshe wenyewe. Lakini nimezaa, nimelea, nimeitwa bibi kabla mvi haijanitembelea, na wajukuu zangu wanasoma vitabu vinene mimi nikiwa nimekaa pembeni nawasikiliza kama mfalme. Sioni haya kwa lolote. Ni hili tu ndilo linanishinda kwa mdomo. Nikianza kulisimulia nainuka kwenda kuangalia jiko. Mkono haukimbii.

Tulikaa Sitalike, mlangoni mwa hifadhi ya wanyama, upande wa mashambani, mbali kidogo na daraja ambalo viboko wanalala chini yake kama magunia ya mpunga yaliyomwagwa. Baba alitokea kijiji cha Mamba, Mama cha Kasansa, ng'ambo ya hifadhi, wote Wapimbwe. Nyumbani kwetu hapakuwa na kitu cha kuibiwa isipokuwa baiskeli ya Baba. Ilikuwa nyeusi, nzito kama mlango wa kanisa, aliirithi kwa baba yake mkubwa aliyewahi kuwapikia mapadri. Ilikuwa na gia tatu, na zote zilikaa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Kwa nje huoni kitu. Unaona chuma kimenenepa katikati ya spoku kama mwanamke mwenye mimba changa, basi. Kulikuwa na kijiti cha kubadilishia kwenye usukani, na kamnyororo kembamba kanaingia kwenye tundu la ekseli kama kamkia ka panya. Nani alikuwa humo ndani na anafanya nini, hakuna aliyejua.

Mimi nilijua. Baiskeli ile ilikuwa inalia tik, tik, tik, hasa Baba alipoiachia ishuke yenyewe. Nikawa na uhakika kwamba ndani ya habu anaishi mdudu, wa aina ya nyenje, na kwamba mdudu huyo ndiye anayesukuma gurudumu. Baba anakanyaga tu kumkumbusha kazi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naweka sikio pale kwenye chuma, na ukimya wake nilidhani ni usingizi.

Halafu kulikuwa na Mjomba Deo, mdogo wake Mama. Yeye alibaki Kasansa, na alipokuja kutusalimia alikatiza hifadhi nzima kwa baiskeli, inzi wa ndorobo wakimla mgongo, na kila safari alikuwa amefukuzwa na simba mmoja zaidi. Baada ya mavuno fulani mazuri akaja na baiskeli mpya nyekundu, ya gia za nje. Vigurudumu vya meno vilipangwa nyuma kimoja juu ya kingine kama sahani kabatini, kikubwa, kidogo, kidogo zaidi, na chini yake kulining'inia kamkono ka chuma kenye vigurudumu viwili, ndiko kanakohamisha mnyororo toka meno haya kwenda meno yale. Mtaa mzima ulikuja kuangalia.

Tangu siku hiyo nyumbani hapakukalika.

"Shemeji," Mjomba anaanza kabla hajanawa mikono, "hiyo yako ni baiskeli au siri ya serikali? Gia gani mtu haioni?"

"Utumbo wako unauona?" Baba anamjibu.

"Siuoni."

"Unafanya kazi?"

"Unafanya, tena una njaa."

"Basi. Mungu kaweka vya maana ndani. Hiyo yako inatembea uchi, matumbo nje. Nyasi zikiingia, mchanga ukiingia, kwisha habari."

"Ikiharibika naona kilichoharibika, nakitengeneza hapo hapo. Yako ikifa utajuaje imekufa na nini? Utaita mganga?"

Mama alikuwa anapita katikati yao na chungu kichwani. "Nyie wawili mngeoana tu," anasema, "mimi mkaniachia shamba langu nikapumzika."

Lakini kulikuwa na jambo moja walibishana bila kucheka, nalo naomba mlishike. Gia ya ndani ukitaka kuibadilisha unaacha kukanyaga. Miguu inatulia, unasogeza kijiti, ndipo unakanyaga tena. Hata ukiwa umesimama kabisa inabadilika. Gia ya nje ni kinyume. Miguu lazima iendelee kuzunguka, pole pole, mnyororo upate nafasi ya kupanda meno mengine. Ukiacha kukanyaga haibadiliki, na ukisogeza kijiti miguu imetulia kisha ukakanyaga kwa nguvu, mnyororo unaruka ovyo. Baba alisema baiskeli inayotaka ukanyage wakati unaiomba kitu haina adabu. Mjomba alisema baiskeli inayotaka usimame kwanza ndiyo ikusikilize ni ya mzee wa kanisa. Hakuna aliyekubali kujifunza ya mwenzake. Wanaume wale walikuwa wanaazimana jembe, shoka, hata suruali. Baiskeli, hapana.

Sasa, mawese. Habu ile ilikuwa na katundu kadogo ka kutilia mafuta, na mafuta yake yalitakiwa yawe mepesi kama ya cherehani. Fundi cherehani wetu alikuwa amehama. Baba akaangalia wenzake wote wanavyopaka minyororo yao mawese, na mawese kwa mnyororo hayana neno, akaona na habu itakula hayo hayo. Akawa anatia. Mjomba alimkuta siku moja ameinama na kijiko.

"Shemeji, unaipikia mboga?"

"Inakula vizuri kuliko wewe."

Jua lilikuwa kali siku hiyo, mawese yaliingia kama maji, mdudu wangu akalia vizuri mpaka jioni. Nikaona Baba ana akili.

Mwaka huo Mama alikuwa na mimba kubwa. Mjomba alikuja kutusaidia kupura mpunga, na ile wiki baridi ikashuka, baridi ya kutoa moshi mdomoni. Kulipokucha asubuhi moja nikasikia Mama anaita. Hakuita "baba watoto". Aliita jina la Baba lenyewe, la ubatizo. Sikuwahi kumsikia akilitaja, na nilivyolisikia nikajua kuna kitu kimevunjika. Nilipoingia ndani nikaona mkeka. Sitaeleza mkeka. Wanawake mnaonisoma mnajua, na wanaume mlio na wake muwaulize.

Mkunga alikaa jirani, akaja anakimbia hajafunga kilemba. Alikaa na Mama muda mfupi tu. Akatoka, mikono ameinyoosha mbele kama siyo yake.

"Kazi yangu imefikia mwisho," akamwambia Baba. "Huyu ni wa hospitali. Mpanda, sasa hivi. Mkianza kuulizana mtamzika."

Gari la hifadhi lilikuwa porini. Lori la mpunga lilikuwa limepita jana yake. Hapakuwa na cha kuulizana. Baba akatoa baiskeli, akakunja blanketi juu ya keria, wakamkalisha Mama nyuma yake, na mkunga akamfunga kwenye mgongo wa Baba kwa vitenge viwili, kimoja kifuani, kimoja kiunoni, kama mtoto anavyofungwa kwa mama yake. Hivyo ndivyo tulivyobeba wagonjwa. Asiyeweza kujishika anafungwa kwa anayemwendesha, wanakuwa mwili mmoja.

Baba akakanyaga.

Pedeli ikazunguka bure. Mnyororo unazunguka, gurudumu limesimama, kama mtu anayekanyaga hewa. Akasogeza kijiti gia ya kwanza. Bure. Ya pili. Ya tatu. Bure. Miguu yake ikawa inakwenda mbio na wako pale pale mlangoni, kichwa cha Mama kimelala begani kwake.

"Imekuwaje?" mkunga anauliza.

"Sijui."

"Hujui nini? Baiskeli siyo yako?"

Mjomba akapiga magoti, akashika habu. "Ya baridi kama chura," akasema. "Mawese, shemeji. Yameganda humo ndani. Vyuma vimeshikwa, haviwezi kuuma."

Mimi nikaweka sikio pale pale, katikati ya miguu yao. Kimya. Nikapiga kelele, "Mdudu amekufa! Mdudu amekufa!" Mkunga akanishika mdomo kwa mkono ule ule uliotoka kwa Mama. "Koma," akasema. "Usitaje kifo hapa." Hawakujua nasema nini. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi: mdudu ndiye anayesukuma, mdudu amekufa, basi Mama hafiki.

"Mfungueni," Mjomba akasema. "Mfungeni kwangu, nakwenda naye."

Mkunga akamgeukia kama mtu aliyetukanwa. "Kwako wewe? Kaka yake? Damu ya uzazi inapanda mgongo wa kaka tangu lini?"

Kwetu ulikuwa mwiko mkubwa. Kaka hamgusi dada yake anapojifungua, hata mlangoni hakai. Walisema inawaondolea uzazi wote wawili, na mtoto anazaliwa hana pa kuitia roho. Mjomba alirudi nyuma hatua, na mimi nikamuona anaona aibu kwa kusema tu.

"Basi mwenye mke apande baiskeli yangu," akasema.

Wakafungua vitenge, wakafunga tena. Meno ya Mama yalikuwa yanagongana. Mjomba ameshika usukani mwekundu hataki kuuachia. "Shemeji, nisikilize. Unapobadilisha gia usiache kukanyaga. Miguu izunguke. Pole pole, lakini izunguke. Umenisikia?"

"Najua baiskeli."

"Hii huijui. Nakuomba. Au usibadilishe kabisa, nenda na gia hiyo hiyo."

"Kuna milima kule, nitaendaje na gia hiyo hiyo? Niachie!"

Akamuachia. Tukaangalia mgongo wa Mama mpaka mkorosho wa mwisho ukamficha.

Mgonjwa hapelekwi hospitali bila mtu wa kumfulia na kumchotea maji. Bibi yetu tuliyekaa naye alikuwa mzee, wadogo zangu wachanga, kwa hiyo mtu huyo alikuwa mimi. Nilifungasha kanga, sufuria, unga kidogo. Mjomba yeye alichukua kaango bovu, akajaza makaa, akaipindua baiskeli ya Baba magurudumu juu, akaliinua lile kaango mpaka karibu na habu, akawa analizungusha gurudumu taratibu kama anageuza nyama. Harufu ikaja. Mawese, moshi, raba inayoanza kupata moto. Mawese yakaanza kudondoka toka kwenye katundu kale, mekundu, tone, tone, na mimi niliyekuwa nimetoka kuona mkeka nikageuka nisione.

Tik.

Mjomba akatulia.

Tik, tik.

"Kafufuka," nikasema.

"Nani?"

"Mdudu."

Akanitazama. Siku nyingine angenicheka mpaka kesho. "Panda," akasema.

Njia ile ya Mpanda mnaijua, mchanga halafu kokoto, halafu mlima mmoja unazaa mwingine. Mjomba alikuwa fundi wa gia za nje, miguu yake haikujua kutulia. Kila alipobadilisha alibadilisha huku anakanyaga, na habu ikapiga kelele kama mbuzi. "Samahani, bibi kizee," anaiambia baiskeli, "samahani, sikukusudia." Mimi nyuma nimekumbatia sufuria, natega sikio. Sehemu tambarare mdudu analia. Tukishuka analia sana. Lakini kila tulipopanda mlima, Mjomba akaweka gia nyepesi, mdudu ananyamaza kabisa. Nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima kwamba ndivyo zilivyotengenezwa, gia nyepesi haina mlio, na siku moja fundi alipoifungua mbele yangu nikaona vimeno vidogo vidogo vinazungukana kwenye tope jekundu la mawese, na mdudu hayupo. Asubuhi ile sikuyajua hayo. Kila mlima ulikuwa Mama anakufa, na kila kileleni anafufuka. Nilikuwa nasema, "Mjomba, fanya haraka tushuke," na yeye anapumua tu kama mvukuto.

Tuliwakuta karibu na kilele cha mlima mrefu. Baiskeli nyekundu imelala katikati ya barabara. Baba amepiga magoti pembeni, Mama amelazwa kwenye blanketi chini ya kichaka, kitenge cha kiunoni kimebadilika rangi. Mikono ya Baba ilikuwa myeusi kwa grisi, na nyekundu. Sikujua ipi ni ipi.

Alifanya kama miguu yake ilivyofundishwa maisha yake yote. Mlima ulipomzidi akaacha kukanyaga, akasogeza kijiti, akasimama juu ya pedeli kwa uzito wa watu wawili. Mnyororo ukaruka meno yote ukaangukia kwenye spoku, ukakavuta kale kamkono kakaingia gurudumuni, spoku zikakatika. Walianguka wote. Wamefungwa pamoja, wataangukaje mmoja mmoja?

"Niliacha kukanyaga," Baba akasema. Hakumtazama Mjomba. "Ulinikataza, nikaacha. Miguu iliacha yenyewe, Deo."

Ilikuwa mara ya kwanza namsikia anamwita kwa jina. Nilingoja Mjomba amtukane. Alikuwa na haki ya kumtukana, na mdomo alikuwa nao. Akasema, "Yako inakwenda. Imepata joto. Panda."

Baba akapanda, akaishika kwa miguu miwili. Sasa Mama. Mama hakuwa anashika tena. Mikono yake ilikuwa inaanguka ukiiweka. Mimi nilimshika miguu nikamuinua, nikamuangusha. Baba akashuka amuinue, baiskeli ikaanguka. Akaisimamisha, akapanda, Mama yuko chini. Walihitajika watu wawili wenye nguvu, na walikuwepo wawili, na mmoja alikuwa kaka yake.

Mjomba alisimama na mikono yake. Nakumbuka aliifuta kwenye suruali, kama mtu anayetaka kuingia kanisani. Halafu akainama.

"Dada, nisamehe," akasema.

Akaingiza mikono chini yake, akamuinua mzima mzima, akamkumbatia kifuani kwake mpaka kwenye keria, akamshikilia hapo wakati Baba anafunga vitenge, na damu ikashuka kwenye shati lake, ikaingia suruali, ikafika kwenye kandambili. Nilifumba macho kusubiri. Nilidhani kutapiga radi. Nilipofungua, Baba alikuwa ameshaondoka, anateremka upande wa pili wa mlima, na tik tik tik yake inapungua, inapungua, mpaka nikawa sijui kama naisikia au naiota.

Mjomba akapindua yake. Akatafuta jiwe na msumari, akapiga mnyororo mpaka ukakatika, akaufupisha, akauunga kwenye kigurudumu kimoja tu cha katikati. Spoku zilizovunjika akazinyofoa. Kale kamkono ka vigurudumu viwili, kalikokuwa fahari ya Kasansa nzima, akakatupa porini bila kuangalia kameangukia wapi. Ndorobo walikuwa wamejaa mgongoni kwake wanakunywa, hakuwafukuza.

"Sasa haina gia," akasema. "Inakwenda tu. Panda."

Nikamuuliza njiani, "Mjomba, Mama atakufa?"

"Sijui."

"Na wewe je? Umegusa."

Akakaza kukanyaga. Kwenye mlima uliofuata tulishuka tukasukuma, na nikaona analia wakati anasukuma, bila sauti, kamasi inashuka na haifuti.

Getini hospitali tukaona kwanza baiskeli ya Baba. Imetupwa chini, gurudumu juu ya njia, watu wanairuka. Baiskeli ambayo sisi watoto tulichapwa kwa kuigusa. Baba amekaa chini ukutani, vitenge vimemuangukia mapajani.

"Wamemuingiza ndani," akasema. "Wanasema hana damu. Wanasema imebaki ya kuhesabu."

Muuguzi akatoka akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Wakasimama wote wawili kwa pamoja wakagongana mabega. Wakapelekwa kupimwa damu. Ya Baba ikakataa.

"Pimeni tena," akasema.

"Mzee, hailingani."

"Nimeishi naye, nimelala naye, nimembeba mgongoni mpaka hapa, hailingani na nini? Pima tena, mama."

Hawakupima. Ya Mjomba ilikubali. Wakamlaza kitandani na lile shati lake limekauka limekuwa gumu kama gamba, wakamchoma sindano, na mimi nimechungulia mlangoni nikaona damu inamtoka kwenye mpira inaingia kwenye chupa. Nikaelewa yote. Mwiko. Radi haikupiga kwa sababu adhabu ilikuwa inamngoja huku. Aligusa damu ya dada yake, sasa wanamtoa ya kwake. Nikaingia nikamshika muuguzi gauni.

"Msimuue! Hakutaka! Mama alikuwa anaanguka, hakuna mwingine wa kumshika!"

"Binti, toka nje."

"Mimi ndiyo nilimuangusha kwanza! Yeye alimuinua tu!"

Mjomba akageuza kichwa kwenye mto. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Mwache, sista," akasema. "Njoo hapa, mpwa wangu. Hawaniui. Wanampelekea mama yako."

Sikumuamini. Nilikaa chini ya kitanda chake mpaka chupa ikajaa, nimeshika kandambili yake.

Siku hiyo hawakutuambia kitu kuhusu Mama. Wauguzi walitoka na kitambaa cheupe kidogo, wakamuita Baba pembeni, Baba akakipokea kwa mikono miwili kama anavyopokewa mtoto anayelala. Mimi nikaona. Aliondoka nacho na Mjomba, Mjomba anayumba, Baba amemshika kiwiko. Waliporudi magoti yao yalikuwa na udongo.

Kesho yake jua lilishapanda wakatuita wodini. Mama alikuwa amelazwa dirishani, mdogo, kama amekunjwa. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Chupa inaning'inia juu yake, tone, tone. Macho yakafunguka, yakatuzunguka sote watatu, yakashuka kwenye mikono yetu kuangalia nani amebeba.

"Mtoto?" akasema.

Baba akamtazama Mjomba. Mjomba akatazama dirisha.

Kwa hiyo nikasema mimi. "Hakukaa, Mama. Alikuwa wa kiume. Baba na Mjomba wamemlaza."

Akafumba macho. Machozi yakatoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuna aliyethubutu kuyafuta. Nikadhani amerudi kule alikokuwa, na kwamba safari hii nimemsukuma mimi kwa mdomo wangu. Nikataka kumuita kwa jina lake, nikakumbuka silijui.

Halafu akafungua macho, akaniangalia mimi peke yangu. Akaniangalia nywele zilizojaa vumbi, akaniangalia midomo iliyopasuka.

"Umekula?" akaniuliza.

"Sijala."

"Tangu lini?"

"Tangu nyumbani."

Akageuza kichwa polepole kwenye mto, akawatazama wanaume wale wawili. Walitoka wakibanana mlangoni, na waliporudi kila mmoja alikuwa na cha kwake, huyu viazi, huyu maandazi na chai kwenye kikombe cha kuazima. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikala, kipande kwa kipande, Mama ananitazama mdomoni, mpaka nikamaliza.